Kipimo cha Ghala la Luhira Juu

Dawa ya kwanza ya fundi yeyote duniani ni moja: zima, subiri, washa. Osmunda Ngonyani alikuwa ameinywesha mashine yake dawa hiyo mara tatu tangu saa moja asubuhi, na mara zote tatu kioo cha mezani kiliamka, kikajikusanya, kikarudia neno lile lile. Nafasi iliyojaa: asilimia tisini na sita.

“Unanidanganya,” Osmunda alikiambia, akavuta kikombe chake cha chai. “Na safari hii umedanganya mtu mbaya.”

Kazi ya kioo ilikuwa kupima Ghala, basi. Ghala lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta, nyumba ndefu ya mawe chini ya milima ya Matogoro, na ndani yake zilikaa kumbukumbu za watu wa Luhira Juu, walio hai na waliokwisha kufa. Ukiwa na kipuli chako sikioni, ukakigusa kwa kidole, jambo ulilokuwa ukiliona na kulisikia liliingia Ghalani na kukaa. Usipokigusa, ulisahau kama walivyosahau babu zako, na hakuna aliyekulaumu. Osmunda alikuwa fundi wa Ghala kwa miaka kumi na tisa, na alilijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe.

Mwaka jana, kabla kioo hiki kipya hakijaletwa na wataalamu kutoka mbali, kipimo kilisoma sitini na moja. Watu walikuwa wameoana na kuzaana tangu hapo, hilo halina ubishi, lakini mji mmoja hauwezi kuishi miaka ishirini ndani ya mwaka mmoja. Osmunda alikagua nyaya. Alikagua vitambuzi vyote arobaini, kimoja baada ya kingine, akivipuliza vumbi kwa mdomo ingawa mwongozo ulikataza. Alilinganisha saa ya kioo na saa ya Ghala. Kila kitu kilikuwa kizima, na kila kitu kizima kilimwongezea hasira.

Iliyomnyima raha hasa ni orodha iliyoandikwa chini ya kipimo. Kikifika tisini na nane, Ghala hujifagia lenyewe bila kumuuliza mtu, na huanza na kumbukumbu za marehemu ambazo hakuna aliye hai aliyeziomba kwa mwaka mmoja na siku moja. Huziita zilizolala. Kwa mwendo ule, tisini na nane ingefika keshokutwa, Jumamosi, saa sita mchana. Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Otmar Haule. La pili, Mwalimu Xaveria Nchimbi.

Osmunda aliweka kikombe chini. Jumamosi saa sita mchana mjukuu wa Otmar Haule alikuwa anaolewa, na mji mzima ulikuwa umealikwa.

*

Maji ya kijito yalipitishwa Ghalani kwa mabomba ili kulipoza, yakatokea upande wa pili yakiwa na uvuguvugu. Hapo ndipo wanawake wa Luhira Juu walipofulia, kwa kuwa baridi ya mji ule si ya mchezo. Siku hiyo walikuwa wakifua vitambaa vya meza vya harusi, na Bi Kolumba, mjane wa Otmar, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwasimamia kama jemadari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usiguse kitambaa. Mikono yako ina grisi.”

Osmunda alichuchumaa pembeni yake, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Bi Kolumba alisikiliza huku akikamua kitambaa ambacho kilikuwa kimekwisha kukamuliwa.

“Kweli sijaiomba kwa mwaka na mwezi,” alisema. “Nimeiweka. Ile ya harusi yetu, Otmar alivyocheza ngoma ya lizombe mpaka kiatu kikamchomoka kikatumbukia kwenye chungu cha pombe. Nilisema basi, sitaisikiliza tena, itatoka siku ya harusi ya mjukuu wetu Eresmina. Kitu kizuri ukikivaa kila siku kinachuja.”

“Basi iombe leo, mama. Sasa hivi. Itaamka, na jina lake litatoka kwenye orodha.”

“Halafu Ghala litafagia nini?”

Osmunda angeweza kusema hajui. Aliangalia mikono yake. “Anayefuata ni Mwalimu Xaveria.”

Bi Kolumba aliacha kukamua. Mwalimu Xaveria alikufa hana mtoto wala ndugu, akiwa amefundisha nusu ya mji kusoma. “Mwanamke yule alinifundisha kuandika jina langu, nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili,” alisema. “Kwa hiyo nimtoe Otmar shimoni, nimtumbukize Xaveria, halafu nikacheze?”

“Mama, mimi nataka tu...”

“Najua unachotaka. Ahsante. Tafuta njia nyingine. Wewe ni fundi au si fundi?” Akamrushia kitambaa mwanamke wa jirani. “Na huko ndani waambie waongeze moto. Wanasema Ghala limejaa, limejaa, lakini maji ni yale yale ya mwaka jana. Vidole vinakufa ganzi.”

Osmunda alitumbukiza mkono majini. Akautoa, akautumbukiza tena.

Kila kumbukumbu inayotunzwa hula umeme kidogo, na umeme huzaa joto. Ghala likijaa zaidi, maji yanayotoka huwa ya moto zaidi. Hakuna ujanja wa kuikwepa hesabu hiyo. Alichomoa kipimajoto mfukoni. Nyuzi ishirini na mbili. Akafungua daftari lake la mwaka jana, lile lenye madoa ya chai: nyuzi ishirini na mbili.

Kioo kilisema tisini na sita. Maji yalisema sitini na kitu. Na maji hayajawahi kufika kwa wataalamu kujifunza uongo.

Osmunda alimkumbatia Bi Kolumba kwa furaha, akajishika kwenye kitambaa cheupe kilichokuwa begani kwake. Alipoondoka mbio, alama za vidole vyake vitano vya grisi zilibaki pale, na matusi yaliyomfuata njiani yalikuwa ya mzazi kabisa.

*

“Maji si ushahidi,” alisema Mwenyekiti.

Ditram Gama, mwenyekiti wa Ghala, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwoga, na alikuwa na sababu. Mji wa jirani uliwahi kupuuza kipimo, Ghala lao likafurika kweli, kumbukumbu zikaingiliana na kuharibika. Hadi leo kuna wazee kule wanaokumbuka kuzaliwa kwa watoto wasio wao.

“Kama kioo kinazidisha, niletee kitu kimoja tu kinachohesabiwa mara mbili,” alisema. “Kimoja, nikione kwa macho yangu. Hapo nitakufungulia ukurasa wa marekebisho. Ufagiaji siwezi kuuzuia mimi, wala wewe huwezi. Utazuiwa na kipimo kushuka tu.”

Osmunda alirudi mezani, akakiamuru kioo kimchoree mwaka mzima. Alitegemea kuona mlima. Aliona ngazi. Kipimo kilikaa kimya wiki mbili, kikaruka, kikakaa, kikaruka. Akazilinganisha ngazi na kalenda ya mji. Harusi ya akina Mbano. Msiba wa mzee Tawete. Ubatizo wa mapacha. Kila watu walipokusanyika, kipimo kilipanda ngazi, na kilipanda kuliko sherehe yenyewe ilivyostahili.

Akafungua daftari la kurasa. Katika mtindo mpya, kila mwenye kumbukumbu alikuwa na ukurasa wake, na kioo kilijumlisha kurasa. Kumbukumbu ya harusi ya Otmar Haule ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulikuwa wa Kolumba Haule: umelala. Wa pili ulikuwa wa Sefania Kihwele, mmiliki kwa dai: uko macho, umefunguliwa Jumapili iliyopita.

Kihwele? Yule Mhehe, fundi cherehani? Osmunda alishuka chini zaidi. Marehemu mama yake Mwenyekiti alikuwa na kurasa kumi na moja, kumi zikiwa za Wahehe. Mtoto mmoja aliyerithi jina la babu yake, na ambaye kwa hiyo kila mtu nyumbani alimwita ‘baba’, alikuwa amesajiliwa kama mzazi wa baba yake.

Hapo alikumbuka kanuni iliyokuja na kioo kipya. Mtu akitamka mbele ya kipuli kwamba kumbukumbu fulani ni yake, na mwenyewe akasikia asikanushe, basi imekuwa yake pia. Kanuni nzuri, kwa watu waliozoea kukanusha. Lakini Luhira Juu ni mji wa Wangoni wenye watani wao Wahehe ndani yake. Mhehe akifika msibani hukaa kwenye kiti cha marehemu na kutangaza kwamba marehemu alikuwa mtumwa wake, nyumba ni yake, na sufuria la wali ni lake. Na Mngoni hakanushi. Mngoni hucheka. Kukanusha utani ni ushamba wa kiwango cha juu.

Mashine ilikuwa imewaamini wote. Osmunda alicheka peke yake mpaka chai ikampalia.

Kisha akaacha kucheka, kwa sababu dhana si ushahidi. Huenda kila ukurasa ulikuwa na mzigo wake kweli, na maji ndiyo yaliyokosea. Ili kujua ilibidi afungue ukurasa mmoja na kutazama ndani. Na fundi wa Ghala hula kiapo siku ya kwanza: atapima mzigo, hatafungua mzigo.

Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Kungechukua pumzi tatu, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa na sababu njema kuliko sababu yoyote ambayo fundi aliwahi kuwa nayo, na hilo ndilo lililomtia hofu. Leo angefungua kwa ajili ya Otmar. Mwakani angefungua kwa ajili ya jambo jema kidogo kuliko hilo. Miaka mitano mbele angekuwa anafungua kwa kuwa ni Jumanne na kuna mvua. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda ambao hakuupenda.

Aliinuka, akachukua kioo chake kidogo cha mkononi, akaenda kuomba ruhusa.

*

Mzee Sefania Kihwele alikuwa amepiga magoti mbele ya gauni la harusi, pini mdomoni, akipunguza pindo.

“Shikamoo, mtani.”

“Marahaba. Mtumwa wangu huyo, na mikono mitupu. Kuku wangu yuko wapi?”

“Alikimbia aliposikia jina lako.”

“Kuku wa Kingoni, waoga kama wenyewe.” Alitema pini kiganjani, akamsogezea kigoda. “Kaa. Umekuja na sura ya ofisini.”

Osmunda alimweleza. Kila alipofika mahali pa kusikitisha, mzee alizidi kutabasamu.

“Subiri,” alisema. “Niliposema Otmar ni wangu, mashine iliamini?”

“Neno kwa neno. Na Bi Kolumba alicheka, kwa hiyo imeandika kwamba alikubali.”

“Miaka arobaini na tano niko hapa natangaza kwamba Wangoni wote ni mali yangu, na wa kwanza kuniamini ni mashine.” Alijifuta macho kwa kipande cha satini, akakumbuka ni satini ya nani, akakiweka.

“Unaweza kukanusha, mzee. Ukitamka tu kwamba ulikuwa unatania, ukurasa wako utafutika.”

Tabasamu lilimtoka. Alipachika pini moja kwenye mto wake, polepole.

“Hilo usiniombe. Babu zangu na babu zako waliuana mpaka wakachoka. Walipochoka wakaona heri tutukanane kwa kicheko kuliko kuzikana kwa machozi. Kicheko hicho ndicho tulichorithi. Leo nisimame mbele ya mashine niseme Otmar hakuwa wangu? Nitakuwa nimemfukuza mtu nyumbani kwangu. Utani haukanushwi.”

“Basi nipe ruhusa nifungue ukurasa wako, nione kilichomo.”

“Fungua. Ila utasikia mzee anaongea peke yake. Usije ukanisimulia.”

Osmunda aligusisha ufunguo kwenye kioo cha mkononi. Ukurasa ulifunguka, na ndani hamkuwa na mzigo. Kulikuwa na anwani tu: rafu ya saba, sanduku mia mbili na kumi na mbili. Rafu ya Kolumba. Sanduku la Kolumba. Otmar alikuwa mmoja, amelala mahali pamoja, na kioo kilimhesabu kama wawili.

Chini ya anwani kulikuwa na maneno ambayo mzee aliyaacha kila alipotembelea. Sauti yake ilitoka kiooni, ya Jumapili iliyopita.

“Otmar, mtumwa wangu, habari za huko. Huku mvua imewahi. Eresmina anaolewa Jumamosi, gauni nashona mimi, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na mabega. Mkeo hajambo. Haji kukusikiliza kwa sababu anakuweka akiba, mwanamke mchoyo yule. Sasa mtu hawezi kukaa mwaka mzima bila mgeni. Ndiyo maana nakuja.”

Osmunda alizima. Hakuaibika kulia, mzee ndiye aliyeaibika, akajifanya anatafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake.

“Gauni hili,” alisema mwishowe, akilivuta mkono, “wiki ijayo litaazimwa na binti wa Tawete, kisha na wadogo zake wawili. Wote watasema gauni langu, gauni langu. Lakini ukifungua kabati linaning'inia moja. Hilo nalo linahitaji wataalamu kutoka mbali?”

*

Mwenyekiti aliiona anwani ile kwa macho yake, akatimiza ahadi. Ukurasa wa marekebisho ulikuwa na milango miwili. Wa kwanza: wadai wakanushe madai yao. Huo ulikuwa umefungwa na mababu. Wa pili: wenye asili, yaani waliokuwa na kumbukumbu kwanza, wakubali, kila mtu kwa kinywa chake, kwamba mdai ni mwenye kumbukumbu pamoja naye, daima. Hapo kurasa zingeunganishwa na mzigo kuhesabiwa mara moja, na wote wakikubali kioo kingeacha kabisa kujumlisha kurasa.

“Daima?” Mwenyekiti aliuliza. “Mama yangu mzazi awe wa Wahehe kumi, kisheria?”

“Ndiyo, Mwenyekiti.”

“Hapana. Wengine wafanye wapendavyo. Mimi hapana.”

Kurasa zilikuwa elfu sita, wenye asili mia tisa, na Ijumaa ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo watu mia tisa wangekuwa pamoja kabla ya saa sita Jumamosi. Osmunda aliwaomba vijana wawili wa kwaya wambebee meza, kioo na nyaya mpaka kiwanjani.

Hivyo kioo kilihudhuria harusi. Kiliwekwa kando ya meza kuu, juu ya kitambaa cheupe chenye alama za vidole vitano, ambacho Bi Kolumba alikichagua makusudi. Saa tano kasorobo kilisoma tisini na saba na nukta mbili. Saa tano kamili Wahehe waliingia kiwanjani kwa vigelegele, wakatangaza kwamba bibi harusi ni wao, ng'ombe aliyechinjwa ni wao, na padri wamemwazima kwa muda tu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Tisini na saba na nukta sita.

“Wananiua,” Osmunda alisema, na yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Bi Kolumba alisimama. Alikuwa ameelezwa kila kitu asubuhi, isipokuwa maneno ya Jumapili, kwa kuwa hayo hayakuwa ya Osmunda kuyatoa. Alitembea hadi walipokaa Wahehe, akasimama mbele ya Mzee Kihwele.

“Sefania. Fundi anasema mume wangu ana ukurasa kwako, na uko macho. Unamtembelea?”

Mzee aliangalia viatu vyake. “Mtumwa asipotembelewa hutoroka.”

“Kila lini?”

“Jumapili. Baada ya misa.”

Bi Kolumba alifunika mdomo kwa khanga. Mabega yake yalitikisika, na kwa kitambo hakuna aliyejua ni kicheko au kilio. Yalikuwa yote mawili. “Mwaka mzima nalala nikijilaumu kwamba nimemwacha peke yake,” alisema. “Kumbe ana mgeni.” Akageuka, akagusa kipuli chake, akasema kwa sauti ya kusikika kiwanja kizima: “Nakubali. Otmar ni wake na ni wangu.”

Jina la Otmar Haule lilitoka kwenye orodha papo hapo, maana mtu anayetembelewa kila Jumapili hajalala. Juu kabisa likapanda jina la Mwalimu Xaveria Nchimbi.

Osmunda alilisoma kwa sauti. Hakuwa na haja ya kuongeza neno. Watu waliokuwa wamekaa walianza kuinuka, mmoja mmoja, kisha meza kwa meza. Nakubali, babu yangu ni wa mtani wangu Sengo. Nakubali, shangazi ni wao, wamchukue na madeni yake ya maneno. Kila aliyekubali alimkumbatia mtani wake, na kila mtani aliyekumbatiwa alidai kitu kingine, kuku, kofia, mkwe, na kioo kikafungua ukurasa mpya. Ilikuwa kama kuchota maji kwenye mtumbwi huku mtu anatoboa kwa kicheko upande wa pili. Saa sita kasoro dakika tano: tisini na saba na nukta tisa.

Mwenyekiti alikuwa amesimama peke yake nyuma ya kioo, akiangalia tarakimu kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara.

“Zile kumi na moja za mama ndizo nzito zaidi mjini,” alisema. “Alikuwa anahifadhi kila kitu. Kila mvua.”

“Najua, Mwenyekiti.”

“Watamfanyia nini?”

“Wanachomfanyia sasa. Wanamtembelea. Madai hufa yasipotembelewa, Mwenyekiti, na yale kumi yako macho yote.”

Ditram Gama alivua miwani. Alipokuwa na miaka saba, Mwalimu Xaveria alimfunga kamba za viatu kila asubuhi kwa muhula mzima, bila kumwambia mama yake kwamba mwanawe hajui. Watu wa rika lake wote waliijua hadithi hiyo, na yeye aliamini hakuna anayeijua. Aligusa kipuli.

“Nakubali,” alisema. Hakuna aliyesikia. Akakohoa, akapaza sauti kama yuko mkutanoni. “Nakubali, Wahehe nyinyi. Mama yangu ni wenu. Na mkimtembelea mkiwa na viatu vya matope nitawajua.”

Kipimo kilisita. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kati ya wale mia tisa; kioo kikaacha kujumlisha kurasa, kikahesabu mizigo, na kipimo kikaanguka. Tisini na sita, tisini, themanini na mbili, watu wakihesabu kwa pamoja kama wanavyohesabu ngazi za kanisa, sabini na tano, sitini na nane, kikakaa sitini na mbili. Kile ambacho maji yalikuwa yanasema tangu Alhamisi. Saa sita ilipita na hakuna kilichofagiwa isipokuwa kiwanja, ambacho kilihitaji kufagiwa kwa ajili ya ngoma.

Bi Kolumba aliomba kumbukumbu yake. Otmar akasimama mbele ya watu, wa mwanga mtupu, kijana mwenye miguu mirefu, akacheza lizombe hadi kiatu kikamchomoka, kikaruka juu ya vichwa, kikatumbukia kwenye chungu. Eresmina, ambaye alikuwa hajawahi kumwona babu yake akiwa kijana, alivua viatu vyake vyote viwili akaingia kumfuata. Mabega ya gauni hayakumbana.

Katika kelele zile Mzee Kihwele alijongea kwenye meza ya fundi, paja la kuku mkononi, akakitazama kioo kwa macho ya mtu anayepima kitambaa.

“Kitu chenyewe ndicho hiki?”

“Ndicho, mtani.”

Mzee aligusa kipuli chake, akapaza sauti. “Kuanzia leo kipimo hiki ni changu. Na fundi wake ni wangu. Na hizo sitini na mbili ni zangu zote.”

Osmunda aliinama juu ya kioo, akasubiri. Ukurasa mpya ulifunguka, jina la mzee likaandikwa juu yake, anwani ikaingia. Akahesabu pumzi tano. Tarakimu hazikusogea hata nukta, maana kioo sasa kilihesabu mizigo, si kurasa.

Sasa angeweza kukanusha, kama angetaka. Alimnyang'anya mzee paja la kuku, akaling'ata, akacheka.